Viroboto wa Kuku, na Dalili Zisizongoja

Ukiona vidoa vyeusi kuzunguka macho na kwenye upanga wa kuku, na ukifuta haviondoki, hao ni viroboto. Wamezamisha midomo kwenye ngozi, wananyonya damu. Usiwang'oe kwa vidole, utaacha vidonda. Wapake mafuta ya mgando, yale ya kupaka mwilini, mpaka wafunikwe kabisa wakose hewa, ukichunga yasiingie jichoni. Rudia kila siku mpaka wadondoke. Mafuta ya taa na oili chafu ni ukatili: huunguza ngozi na kupofusha.

Kazi kubwa iko bandani, maana mayai ya viroboto huanguka kwenye vumbi. Toa maranda yote uyachome, fagia hadi kwenye nyufa, kisha nyunyiza dawa ya unga iliyoandikwa kuwa ni ya kuku. Rudia baada ya siku 10 hadi 14, kwa sababu mayai hayafi kwa dawa. Anayetibu kuku akaliacha banda hupoteza fedha zake bure.

Upanga uliopauka maana yake damu imepungua. Vifaranga hufa haraka hapo.

Dalili nyingine zisizongoja ni kinyesi cha kijani, shingo kupinda na kuhema mdomo wazi: shuku kideri, ugonjwa wa virusi uitwao pia Newcastle. Mtenge kuku huyo mara moja, mwite mtaalamu wa mifugo, usimuuze. Kideri hakina tiba, na antibayotiki haziui virusi. Kinga ni chanjo ya I-2, tone 1 jichoni kila miezi 3, kwa kuku wasioumwa tu. Mizoga ichomwe au ifukiwe chini sana, mbwa wasifukue.