Mambo ya kuzingatia kabla ya kupakia pikipiki ya motokrosi kwenye pikapu ya bodi fupi

Chukua futi kamba upime bodi ya gari lako kabla hujaenda kutafuta mikanda wala ubao. Dabokebini nyingi zinazotembea Dar es Salaam, ziwe Hilux, Ranger au L200, zina sakafu ya nyuma yenye urefu wa mita 1.5 hivi, kwa sababu nafasi iliyobaki imechukuliwa na viti vya abiria. Pikipiki ya motokrosi ya saizi kamili, mfano Yamaha YZ250F au Honda CRF250R, ina urefu wa karibu mita 2.2 na uzito wa kilo mia moja na ushee. Haitaingia yote, na mlango wa nyuma hautafungika. Hilo likubali mapema, kisha jiulize tairi la nyuma litakaa wapi.

Hesabu yake ni fupi. Kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kuna takriban mita 1.48. Tairi la mbele la inchi 21 likigusa ukuta wa mbele wa bodi, ekseli yake inabaki sentimita 35 nyuma ya ukuta huo. Jumlisha, utaona tairi la nyuma linakanyaga mita 1.83 kutoka mbele, yaani zaidi ya sentimita 30 nje ya sakafu, juu ya mlango uliolazwa. Mlango huo umening'inia kwa waya mbili tu. Gari likiwa limesimama, waya hizo zinabeba nusu ya uzito wa pikipiki bila shida. Likiruka tuta, zinapokea kishindo kikubwa kuliko uzito wenyewe, na kishindo hicho kinarudiwa kila baada ya mita chache ukishaiacha lami.

Kwa hiyo zikague waya. Magari yanayolala Kigamboni, Mbezi Beach au Kunduchi yanapumua chumvi usiku kucha, na kutu haianzii mahali unapopaona. Vuta nyuma ule mpira mweusi unaofunika waya, tazama pale waya unapoingia kwenye kifungo cha chuma. Ukikuta nyuzi zimebadilika rangi kuwa kahawia, au hata moja imechomoza kama mwiba, waya huo haufai kubeba kitu, hata kama mlango unafunguka na kufunga vizuri. Badilisha zote mbili kwa pamoja. Angalia pia bawaba za mlango; zikicheza, mlango unapinda upande mmoja na pikipiki inaufuata.

Hata waya zikiwa mpya, usiliache tairi likanyage bati la mlango peke yake. Weka ubao mnene, mbao ya inchi mbili kwa kumi inatosha, wenye urefu wa karibu mita mbili, uanzie ndani kabisa ya bodi na uishie juu ya mlango. Pikipiki ikae juu ya ubao huo kwa matairi yote mawili. Hapo tairi la nyuma linapobonyea, ubao unaugawa uzito na sehemu kubwa inarudi kwenye sakafu ya gari, ambayo ndiyo iliyotengenezwa kwa ajili ya mzigo. Ubao ufungwe nao usiteleze, hasa kama bodi ina lile beseni la plastiki linalofunika sakafu, ambalo likilowa linakuwa utelezi mtupu.

Kuna njia nyingine ambayo mimi huipendelea kwa bodi fupi: kuiweka pikipiki mshazari, tairi la mbele kwenye kona ya kushoto na la nyuma likielekea kona ya kulia. Bodi ya mita 1.5 kwa 1.5 ina mshazari wa mita 2.1, na hapo tairi la nyuma linakanyaga ukingoni mwa sakafu badala ya juu ya mlango. Mlango bado utabaki wazi, lakini haubebi kitu. Tatizo la njia hii liko kwenye usukani. Upana wake ni zaidi ya sentimita 80, na pikipiki ikilala mshazari, ncha moja ya usukani inasogea karibu na kioo cha nyuma cha kabini. Wenzo wa breki uko hapohapo. Gari likifunga breki ghafla, kioo kinakwenda. Kama bodi yako ina lile bomba la chuma nyuma ya kabini, pima kwanza kama usukani unapita. Kama haina, rudisha pikipiki nyuma kidogo kwa kuweka kipande cha mbao kati ya tairi na ukuta.

Sasa mikanda. Tafuta yenye racheti (kile kikazio cha meno), upana wa milimita 25 angalau, na 38 ikipatikana ni bora zaidi. Maduka ya vifaa ya Kariakoo na Gerezani yanauza ya kila aina, kwa hiyo soma lebo iliyoshonwa kwenye mkanda: tafuta namba ya uzito wa kazi, yaani mzigo ambao mkanda unaruhusiwa kubeba, usichanganye na ile ya kukatikia ambayo huwa kubwa mara tatu hivi. Mkanda usio na lebo uache dukani. Jua linakula nyuzi za mikanda polepole. Uliopauka na kukakamaa kama gunia la zamani umeshapoteza nguvu hata kama haujachanika. Kamba ya katani hulegea ikikauka baada ya kulowa. Ile mipira ya tyubu inayofungia mizigo kwenye bodaboda inavutika, na kuvutika ndiko hasa usikokutaka.

Sababu ni hii. Pikipiki ina shokapu. Ukiifunga huku shokapu za mbele zimesimama wima bila kubonyea, gari likipiga shimo uzito wa pikipiki unazibonyeza, usukani unashuka, na kwa nusu sekunde mkanda unalegea. Nusu sekunde inatosha kulabu kuchomoka kwenye pete yake. Pikipiki ikinyanyuka tena haina tena kilichoishika upande huo, na inalala upande wa pili. Pikipiki inaweza kuanguka kutoka kwenye pikapu kwa namna hii, mikanda ikiwa mizima. Ndiyo maana unatakiwa kukaza mpaka shokapu za mbele zishuke nusu ya mwendo wake au zaidi kidogo. Weka kigogo cha mbao kati ya tairi la mbele na madigadi kabla ya kukaza, ili usizibonyeze mpaka mwisho na kuumiza sili zake za mafuta. Kigogo kikibana sawasawa, shokapu hazina pa kushukia tena, na mkanda haupati nafasi ya kulegea.

Mikanda miwili ya mbele ianzie kwenye kibano cha chini kinachoshika shokapu, au kwenye usukani karibu na katikati, kamwe isianzie kwenye raba za kushikia. Tumia vitanzi laini vya kitambaa imara ili kulabu zisiguse chuma cha pikipiki. Kila mkanda ushuke kwenda mbele na kwenda nje, kwenye pete za kona za bodi, kwa pembe inayokaribia nyuzi 45. Kaza kushoto kidogo, kulia kidogo, ukibadilishana, huku ukiangalia kutoka nyuma kama pikipiki imesimama wima. Ukiiweka mshazari, mkanda mmoja utakuwa mfupi kuliko mwingine, na huo mfupi ndio unaohitaji kuangaliwa mara nyingi zaidi. Stendi ya pembeni, kama ipo, iwe imekunjwa. Pikipiki iliyofungwa ikiegemea stendi yake inaisukuma stendi hiyo kwenye fremu kila tuta.

Kwa bodi ndefu wengi huishia hapo. Kwa bodi fupi usiishie, maana nyuma hakuna kuta za kulizuia tairi lisihame. Pitisha mkanda wa tatu kwenye rimu ya nyuma, uuvute pande zote mbili hadi kwenye pete za nyuma za bodi, ukaze kiasi cha kulizuia tairi lisiruke wala lisicheze kushoto na kulia. Hakikisha mkanda haugusi ekzosi iliyo moto. Mabaki ya mikanda yote yafungwe fundo. Mkanda unaopepea unajifungua wenyewe kwa upepo, au unaingia kwenye tairi la gari.

Na hapa naomba tusikilizane. Tumezoea kumpandisha kijana nyuma aishike pikipiki, hasa safari zikiwa fupi, kutoka Mwenge hadi Tegeta au kutoka Temeke kuvuka Daraja la Nyerere. Kijana huyo hana mkanda, hana pa kujizuia, na mlango wa nyuma uko wazi. Pikipiki ya kilo mia ikianza kuanguka, yeye atajaribu kuizuia, kwa sababu ndiyo kazi aliyopewa. Wakianguka, wanaangukia barabarani mbele ya daladala. Kama mikanda yako haiwezi kuishika pikipiki bila mtu, hujawa tayari kusafiri. Mpe huyo kijana siti ndani ya kabini, maana utamhitaji wakati wa kushusha.

Kupakia kunahitaji watu wawili na ubao wa kupandia wenye urefu wa mita mbili au zaidi. Sakafu ya pikapu inayosukumwa na magurudumu yote manne iko sentimita 80 hivi kutoka chini, na ubao mfupi unafanya mwinuko mkali mno. Egesha gari matairi ya nyuma yakiwa kwenye bonde dogo, au kitako chake kikielekea tuta la udongo, mwinuko utapungua sana. Ncha ya juu ya ubao ifungwe kwenye gari kwa mkanda. Ubao usiofungwa unasukumwa nyuma na tairi na kudondoka pikipiki ikiwa katikati. Weka kreti la soda pembeni kama ngazi yako, maana mtu anayeisukuma lazima naye apande. Usiipandishe kwa kuiendesha.

Kabla ya kuondoka funga koki ya mafuta kama pikipiki ni ya kabureta, iweke gia ya kwanza, na ifungie mnyororo na kufuli, kwa sababu kwenye foleni mkanda hukatwa kwa wembe. Funga kitambaa chekundu kwenye sehemu iliyochomoza. Usiku ongeza taa au kiakisi. Rudi nyuma hatua kumi uangalie kama mlango uliolazwa umeficha namba ya gari au taa. Beba kadi ya pikipiki, na kama ni ya mashindano isiyo na namba, beba karatasi zake za kuingizia nchini, zitakuokolea muda ukisimamishwa na trafiki.

Simama ukague mikanda baada ya kilomita chache za mwanzo. Ukielekea Kibaha simama kabla ya kuliacha jiji; ukienda njia ya vumbi simama pale lami inapoishia, na tena baada ya vumbi. Mikanda mipya hulegea safari ya kwanza. Shika kila mmoja kwa mkono, uutikise, usitegemee macho.

Ukifika, fungua mkanda wa nyuma kwanza. Ya mbele ilegeze kwa zamu huku mwenzako ameshika pikipiki kwa mikono miwili, kwa kuwa shokapu zitairusha juu mara tu zikiachiwa. Wakati wa kuishusha kinyumenyume, breki ya mbele haitakusaidia sana, maana uzito mwingi umehamia tairi la nyuma lililo chini na la mbele litateleza tu. Acha injini imezimwa, pikipiki ikiwa gia ya kwanza, na uiteremshe kwa kuachia na kubana klachi kidogo kidogo mpaka tairi zote mbili ziguse mchanga.