Namna ya Kujaribu Kioo cha Maji cha Injini ya Mvuke Kabla ya Safari

Kioo cha maji, yaani mrija wa kioo unaoonyesha kimo cha maji ndani ya boila, kikiharibika hudanganya kwa upole, ndiyo maana ninakijaribu kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Mfano wangu ni injini za daraja la 59 za Reli na Bandari za Afrika Mashariki, yale majitu 34 yaliyoundwa Manchester mwaka 1955 na 1956 na kupewa majina ya milima yetu. Mojawapo, namba 5918 Mount Gelai, imehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli jijini Nairobi. Boila lake lilifanya kazi kwa presha ya pauni 225 kwa inchi ya mraba, na kwa presha hiyo maji huwa na joto la nyuzi 203 hivi za sentigredi. Bamba lililo dari la tanuri, chumba cha moto, haliharibiwi na moto kwa sababu moja tu: limefunikwa na maji.

Hatua ya 1. Futa kinga ya kioo, kisha utazame mistari ya mshazari ambayo katika injini nyingi imechorwa nyuma ya mrija. Ikionekana kupitia mvuke, mistari hubaki ilivyo. Kupitia maji, hupinda upande wa pili. Bila mistari hiyo, mrija uliojaa pomoni na mrija mtupu hufanana kama shilingi kwa ya pili.

Hatua ya 2. Simama kando, funga koki ya juu, ya mvuke, na ya chini, ya maji, kisha ufungue ya kumwagia. Mrija uishe maji na sauti ikome. Sauti ikiendelea, koki mojawapo haifungi sawasawa, na mrija ukipasuka njiani hutaweza kuuzuia.

Hatua ya 3. Fungua koki ya chini peke yake, uifunge, kisha ufungue ya juu peke yake. Hapa macho hayasaidii sana, kwa kuwa maji yenye joto hilo hugeuka mvuke mara yanapotoka, tumia masikio. Maji hunguruma kwa sauti nzito yenye unyevu, ilhali mvuke hupiga mluzi mkavu.

Wanafunzi huiruka hatua hii, nami sikubali. Njia ya juu ikiziba, mvuke uliobaki mrijani hupoa na kuwa maji, na maji ya chini huvutwa kupanda. Njia ya chini ikiziba, matone ya mvuke uliopoa hujikusanya mpaka mrija ujae. Kasoro zote mbili, basi, huonyesha maji mengi kuliko yaliyomo. Asubuhi moja nilikuta kioo kikionyesha robo tatu, na maji yakiwa yametulia tuli hata injini ilipopita juu ya viungio vya reli. Utulivu huo ndio ulionitia shaka, kwa maana maji yaliyo hai hucheza. Njia ya chini ilikuwa imezibwa na ukoko wa chokaa.

Hatua ya 4. Funga koki ya kumwagia, ufungue zile mbili polepole. Maji yarudi kwa kuruka, wala si kwa kujivuta, na yalingane na ya kioo cha pili.

Mkiwa safarini, kumbukeni mlima. Kutoka Mombasa hadi Nairobi reli hupanda zaidi ya mita 1,600, na injini inayopanda bomba la moshi likiwa mbele hurudisha maji nyuma, upande wa tanuri na kioo. Inapovuka kilele, maji hukimbilia mbele na dari huachwa wazi. Kwa hiyo ongeza maji kwa injekta, kifaa cha kusukumia maji ndani ya boila, kabla ya kilele.

Maji yakipotea chini ya kioo, zima moto kwanza, wala usiingize maji mapya juu ya bamba ambalo hujui limekaa wazi kwa muda gani. Plagi ya risasi, ile metali laini, iliyo darini huyeyuka kwenye nyuzi 327 na kumimina mvuke tanurini, ikiwa onyo la mwisho. Plagi iliyoyeyuka haizibwi njiani. Injini huvutwa na nyingine hadi karakana, na dari likaguliwe lote kabla moto haujawashwa tena.