Kamba ya katani na mlango wa DNA

Nafundisha tuisheni ya baiolojia hapa Ngamiani, na kila mwaka kidato cha sita wananiandikia kosa lile lile: helikezi, kimeng'enya kinachoachanisha nyuzi mbili za DNA wakati wa kuinakili, ndiyo inayofungua DNA ya bakteria. Wapi! Helikezi inakuta mlango ushafunguliwa. Ndipo nikaacha ubao, nikashika kamba.

Mwalimu mwenzangu, nunua kamba ya katani ya nyuzi mbili, mita mbili hivi. Usidanganywe na nailoni. Yangu ya kwanza ilijifumua yote mezani kabla sijafungua mdomo. Unga ncha mbili iwe duara, maana kromosomu ya bakteria E. coli ni duara la jozi za besi kama milioni 4.6.

Paka wino mwekundu mahali pamoja, upana wa kiganja. Hapo ni oriC, mahali DNA inapoanza kunakiliwa, jozi 245 tu. Kwa kipimo cha haki pangekuwa kama unene wa unywele, kwa hiyo tumeongeza chumvi.

Nusu moja ya wekundu ibane kwa vibanio vya nguo, vitano au sita. Hivyo ni DnaA, protini zilizobeba ATP. Vishike vyote kwa pamoja, uvizungushe kinyume na msokoto upande wa nusu ya pili. Nyuzi zitaachana pale, kidole kipite. Kwa bakteria sehemu hiyo imejaa besi A na T, zinazoshikana kwa vifungo viwili vya haidrojeni. G na C zina vitatu.

Sasa toa pete mbili za pazia, waambie wazivishe kwenye nyuzi. "Ticha, haziingii!" Waache wahangaike kidogo, kisha zikate kwa kisu. Kisu hicho ni protini DnaC, inayoipanua pete ya DnaB, yaani helikezi yenyewe. Pete moja uzi huu, nyingine uzi ule, zielekee pande tofauti. Kimeng'enya praimesi kitafuata na vipande vya RNA vya kuanzia kunakili.

Zisukume. Mbele ya pete kamba inakaza mpaka inajikunja vifundo. Hapo nawatajia siprofloksasini ya duka la dawa: inaizuia jairesi, kimeng'enya kinacholegeza msokoto huo.

Mwisho bandika utepe wa karatasi juu ya wekundu. Ni protini SeqA, inayoziba oriC mpya kwa muda ili kunakili kusianze tena papo hapo.

Vibanio uvirudishe kwenye kamba ya nguo kabla ya magharibi. Vyangu vilitafutwa nyumba nzima.