Jinsi ya kuuza apu yako Lamu kwa mbinu za wanamichezo

Kijana akimaliza kutengeneza apu hapa kwetu, swali la kwanza ni alipie matangazo ya Facebook pesa ngapi. Hilo liache kwanza. Waangalie wanamichezo, na simaanishi ile hamasa ya jiamini utashinda, hiyo hata aliyeshika mkia alikuwa nayo. Unachotaka kuwaibia ni kazi yao ya kabla ya mechi na baada ya mechi, yaani wanachagua wapi pa kushindana, wanagawana nafasi, wanarudia kitu kimoja mpaka kinaingia mwilini, halafu wanahesabu.

Tuchukue mfano mmoja twende nao. Una apu ya kukodi mashua: mgeni anachagua safari, Manda Toto, Takwa, Matondoni, popote, nahodha anapata ujumbe, pesa zinaingia kwa M-Pesa. Kama yako ni ya maduka au bodaboda badilisha majina tu.

Kwanza chagua ligi yako. Booking.com, ile tovuti kubwa ya kuagizia hoteli, si mpinzani wako, ukijaribu kumfuata utaishiwa pumzi kabla ya mapumziko. Anza na kijiji cha Shela peke yake. Chukua daftari utembee pwani, andika kila mashua inayobeba wageni, mwenyewe nani, nahodha nani (mara nyingi ni watu wawili tofauti na wote wawili wana la kusema), ana simu ya maana ama ana kabambe, ile ndogo ya vitufe. Ukikuta wengi wana kabambe basi ushajua apu yako lazima itume SMS ya kawaida, na hilo ni bora ulijue leo kwa daftari kuliko mwakani kwa hasara. Usihamie Lamu mjini mpaka Shela wawe wanaitumia bila wewe kuwakumbusha.

Halafu ratiba. Timu hazijengi kikosi katikati ya ligi, na wewe usiende kumuuzia nahodha kitu kipya Disemba wakati kaskazi imeshika na wageni wamejaa, hana hata dakika ya kukuangalia, atakwambia sawa sawa ili uondoke tu. Nenda wakati wa masika, Mei hivi, hoteli nyingine zimefunga, bahari imechafuka, watu wako barazani wanasubiri. Muda wa kujifunza upo. Shida ni kwamba pesa hawana, kwa hiyo usiwadai kitu Mei, waambie komisheni inaanza na mgeni wa kwanza, Julai au Agosti. Na hapo wewe mwenyewe uwe na akiba ya kukufikisha huko, hili watu hulisahau wanapiga hesabu kama vile mwaka mzima ni Disemba.

Sasa kikosi. Waliotazama mashindano ya mashua pale mbele ya mji wanajua, nahodha kashika usukani, wengine wako kwa tanga, wengine wametoka nje kwenye ubao kuzuia chombo kisilale, na yupo mmoja kazi yake ni kufua maji. Huyo hapigiwi makofi lakini akizembea chombo kinakuwa kizito na wale wote wengine wanafanya kazi bure. Kwenye startapu, yaani kampuni changa, ya watu watatu kila mmoja anataka usukani, ama anataka kuandika kodi, yaani zile code za apu, na hakuna anayetaka kufua maji, yaani kupokea simu ya nahodha saa kumi na mbili asubuhi anaposema mgeni kalipa na mimi sijaona kitu. Mpe mtu mmoja kazi hiyo kwa jina, mlipe vizuri, na mwanzoni maoni yangu ni awe yule yule anayeandika kodi. Akisikia malalamiko kwa masikio yake atarekebisha usiku huo huo, lakini akiletewa kwa ripoti atakwambia watumiaji hawaelewi.

Mauzo yenyewe yafanyie mazoezi kama timu ya mpira inavyofanyia kona. Andaa maonyesho ya dakika tatu, barazani, kwa simu yako, yafanye kazi hata mtandao ukikatika. Anza na pesa: mgeni huyu hapa, safari hii hapa, hii meseji ya M-Pesa. Usianze na akili bandia wala sijui mfumo wa kisasa, mzee wa watu amevuka bahari maisha yake yote, hajakuuliza ukisasa. Kisha jifunzeni maswali, mmoja awe nahodha mkorofi na mwingine amjibu, mrudie mpaka majibu yatoke bila kufikiri. Mgeni asipotokea nani ananilipa? Komisheni ngapi, na inakatwa kabla ama baada? Nikiwa kwenye mlango bahari wa Mkanda na mtandao umepotea itakuwaje? Mkishindwa kujibu hata moja kati ya hayo, hamko tayari kwenda gatini. Na ukienda, salimia kwanza ukae, usichomoe simu mfukoni hata salamu haijaisha.

Usiende peke yako pia. Eliud Kipchoge alipokimbia marathoni kwa saa 1:59:40 kule Vienna tarehe 12 Oktoba 2019 alikuwa na waweka kasi 41 wanaopokezana, wanamkingia upepo kwa mpangilio maalum. Muda ule haukuhesabiwa rekodi rasmi ya dunia, sababu moja ikiwa ni hao wa kupokezana, lakini wewe biashara yako haina refa wa kukukataza msaada. Mtafute nahodha ambaye hata wazee wenzake wakimwita kapteni hawatanii, mwache atumie msimu mzima bila komisheni, na yeye ndiye aongee, wewe nyamaza. Ila usimweke juu kabisa ya orodha ndani ya apu kila siku, wenzake wataliona hilo kwa wiki moja tu na utakuwa umeshajenga maadui pwani nzima.

Tukija kwa hesabu, kuna timu ya besiboli ya Marekani, Oakland Athletics. Mwaka 2002 bajeti yao ya mishahara ilikuwa kama theluthi moja ya New York Yankees, na bado timu zote mbili zilimaliza na ushindi 103 kila moja katika msimu wa kawaida. Waliacha kuvutiwa na wachezaji wenye majina na sura, wakaangalia nani anafika kwenye besi (kile kituo anachokimbilia mpigaji) mara nyingi, kitu ambacho wengine walikuwa hawakilipii. Kwako wewe majina na sura ndizo laiki na waliopakua. Hesabu hatua: walioonyeshwa, waliojisajili, waliopata mgeni wa kwanza, waliopata wa pili. Tuseme umeonyesha manahodha 40, wakajisajili 25, na waliopata mgeni ni 3 tu. Hapo shida si mauzo kwa manahodha, ukiendelea kuwafuata unapoteza muda, shida ni wageni hawaijui apu. Basi pesa na miguu ihamie mapokezi ya gesti, uwanja wa ndege wa Manda, karatasi yenye QR, ile alama ya kuskani kwa simu, palipo na kivuli mgeni anaposubiri boti.

Udhamini je? SportPesa, kampuni ya kamari za michezo, waliwahi kuweka jina kwenye jezi za Everton ya Uingereza na mwaka 2017 wakaileta timu yenyewe Dar es Salaam kucheza na Gor Mahia, hiyo ni saizi yao. Wewe usichome akiba kwa fulana za tamasha la utamaduni, kila mtu anazo za mwaka jana anaoshea nazo boti. Kama ni mashindano ya mashua au ya punda, waombe waandalizi uendeshe usajili na utume matokeo kwa WhatsApp, maana watu wamejaa ukingoni na hawajui nani kaongoza kule mbali. Hapo wameitumia kazi yako, na nambari zao wamekupa wenyewe.

Nambari hizo sasa ndizo zenye kadi nyekundu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na mtu kukupa nambari ili apate matokeo ya mashua si ruhusa ya kumtumia matangazo. Weka swali la pili hapo hapo kwenye usajili, unataka habari zetu ndio ama la, uhifadhi jibu, na kila meseji ya tangazo iwe na njia ya kujitoa. Anayejitoa aondolewe siku hiyo hiyo, na kazi hiyo pia mpe yule anayefua maji.