Somo: Kufufua osiloskopu ya mtumba, kuanzia vumbi hadi mstari kwenye skrini

Osiloskopu (kifaa kinachochora mawimbi ya umeme kwenye skrini) iliyokaa stoo miaka mingi mara nyingi huharibikia mikononi mwa mnunuzi. Anaichomeka aone kama inawaka, kapasita (kijenzi kinachohifadhi chaji) iliyochoka inapiga shoti, na inaondoka na transista ambayo haitengenezwi tena. Kwa hiyo somo hili linaanza na bisibisi. Swichi ya kuwashia itasubiri.

Mfano wetu ni Tektronix 465, analogi ya megahezi 100. Pakua kwanza mwongozo wake wa matengenezo wenye michoro ya saketi. Bila mchoro utakuwa unabahatisha.

1. Kufungua

Chomoa waya wa umeme, toa kava, kisha pima volti kwenye kapasita kubwa za pawa saplai. Zikiwa na chaji, zimalize kwa rezista ya kilo-omu 1, wati 5. Usizigonganishe kwa bisibisi: cheche hutoboa ncha, na mshtuko wa mkondo huumiza kapasita yenyewe. Waya mnene unaoingia ubavuni mwa bomba la skrini uache ulivyo.

Nobu zimebanwa kwa skrubu ndogo za alen za vipimo vya inchi, nyingi 1/16. Ufunguo wa milimita 1.5 unaingia, unacheza, na kula kona za skrubu. Nunua seti ya inchi.

2. Vumbi na uchafu

Brashi laini na hewa ya shinikizo dogo zinatosha. Shika panga za feni kwa kidole, maana zikizungushwa kwa kasi na hewa beringi huumia. Kava na nobu ziloweke dakika 20 kwenye maji ya vuguvugu yenye matone machache ya sabuni ya vyombo, usugue kwa mswaki. Plastiki angavu ya mbele ya skrini ioshwe kwa maji na sabuni tu; alkoholi huipasua nyufa nyembamba zisizofutika. Maandishi ya paneli nayo yajaribu kwanza pembeni, kwa sababu baadhi ya rangi huyeyuka kwa alkoholi.

3. Swichi na potenshiometa

Hapa ndipo vifaa vingi vizuri huuawa. Swichi za volti kwa kila kigawanyo (zinazochagua ukubwa wa wimbi kwenye skrini) zina vidole vyembamba vya chuma vilivyopakwa dhahabu. Pamba ya masikioni huacha nyuzi, nyuzi hunasa kidole, kidole hupinda. Kata kipande cha karatasi ngumu, kama ya kadi ya mwaliko, kilowanishe kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, kipitishe kati ya kidole na bodi huku swichi imefunga (kidole kimegusa bodi), ukivute taratibu mara mbili tatu. Karatasi ikitoka nyeupe, umemaliza.

Potenshiometa (rezista za kuzungusha kwa nobu) zenye mikwaruzo: tone moja la dawa ya kontakti kwenye uwazi wake, kisha zungusha mwisho hadi mwisho mara 20. WD-40 isikaribie hapa. Mafuta yake hubaki na kukusanya vumbi.

4. Kupima ikiwa baridi

Weka multimita kwenye omu, upime kila njia ya volti inayotoka pawa saplai dhidi ya ardhi (chasisi): -8, +5, +15, +55 na +110. Omu moja au mbili maana yake ni shoti, na mshukiwa wa kwanza ni kapasita ya tantalamu. Hakikisha pia kichaguzi cha volti nyuma kinalingana na umeme wako, na fyuzi ni ya thamani iliyoandikwa.

5. Kuwasha kupitia balbu

Unganisha balbu ya uzi ya wati 100 mfululizo na laini ya umeme. Ikimulika kidogo kisha ikafifia, endelea. Ikibaki kali, zima mara moja. Volti zitasoma chini kidogo kwa sababu balbu inakula sehemu yake, hivyo vipimo vya kweli vichukue baada ya kuiondoa. Pima pia mawimbi mabaki (mtikisiko wa AC uliobaki juu ya volti za DC) kwenye kila njia: yakizidi kiwango cha mwongozo, kapasita ya kuchuja ya njia hiyo imekauka.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, njia yangu ya +15 inasoma omu 0.8. Tantalamu zipo nyingi, ning'oe zote?*

Hapana. Kifaa kikiwa kimezimwa, ingiza volti 1 kutoka pawa saplai ya mezani, mkondo ukiwa umewekewa kikomo cha ampea 1. Fuata njia kwa multimita kwenye milivolti: usomaji hushuka kadiri unavyokaribia shoti. Iliyokufa ibadilishe na ya thamani ileile ya volti 35, ukiangalia chanya na hasi. Tantalamu ikigeuzwa inaweza kuwaka moto.

*Volti zote ziko sawa lakini mstari hauonekani.*

Weka triga (sehemu inayoanzisha uchoraji wa mstari) kwenye AUTO, ongeza mwanga, bonyeza BEAM FIND (kitufe cha kutafuta mwale). Nukta ikijitokeza, mwale wa elektroni upo ila umesukumwa nje ya skrini. Kagua ampilifaya za wima na mlalo. Isipojitokeza, shuku volti za juu. Kathodi ya bomba iko zaidi ya volti 2,000 hasi, na multimita ya kawaida inaishia 1,000. Tumia probu ya volti za juu, mkono mmoja mfukoni.

*Yangu ni ya valvu (mirija ya kioo badala ya transista), vijenzi vimelehemiwa kwenye vipande vya seramiki. Risasi ya kawaida ya kulehemu inafaa?*

Haifai. Vipande hivyo vina tabaka la fedha ambalo risasi ya kawaida hulimumunya, mwishowe lehemu haishiki tena. Tumia risasi yenye fedha asilimia 2 hadi 3, joto la kutosha tu kuyeyusha, usivute kwa nguvu.

*Jenereta yangu ya ishara ina betri ya nikeli-kadimiamu iliyovuja, bodi ina ukijani.*

Toa betri. Majimaji yake ni alkali, kwa hiyo paka siki nyeupe kwa brashi hadi mapovu yaishe, suuza kwa maji yaliyochujwa, kisha alkoholi, na uache ikauke saa 24. Halafu pima mwendelezo wa kila njia ya shaba pale ukijani ulipokuwa, hasa matundu yanayopita upande wa pili: huonekana mazima kumbe yameshaliwa ndani.