Jinsi ya kutengeneza modeli ya seli ya utumbo kwa chelewa

Kama wafundisha biolojia hapa Lamu na wanafunzi wanakariri majina ya protini bila kujua kazi yake, jaribu hii. Tafuta chelewa za ufagio, uzi wa rangi tatu, glavu za mpira, kipande cha wavu na mifuko miwili mitatu ya kitambaa yenye kamba ya kukaza mdomoni.

Chelewa ndio nyuzi za aktini, protini inayojipanga kuwa nyuzi ndani ya seli. Waambie mapema manake hapa ndipo penye mambo yote, aktini ni ile ile seli nzima, uzi wa unene wa nanomita 7 hivi, kinacholeta umbo ni protini zinazoushika.

Sasa hesabu chelewa 20 hadi 30, kinyweleo kimoja cha seli ya utumbo (kijidole chembamba kinachotokeza juu ya seli) kina nyuzi kama hizo, zipange sambamba alafu paka rangi ya kucha ncha za juu, ndiko uzi unakokua haraka. Urefu uwe kama mara kumi ya upana wa fungu. Funga karibu karibu kwa uzi wa rangi tatu, ndizo protini zinazofunga nyuzi pamoja: vilini, fimbrini, espini. Mwambie mtoto akate uzi wa vilini wote aone fungu bado lasimama, na ni kweli, panya waliozaliwa bila vilini bado wanaota vinyweleo. Mimi hapa napenda kukaa sana, maswali mazuri yatoka hapa.

Visha fungu kidole cha glavu, ndio utando, weka gundi pembeni, ndizo protini zinazoshika fungu kwenye utando: ezrini na maiosini-1a. Chini lichomeke kwenye wavu ulioshonwa ndani ya mfuko karibu na mdomo, mfuko ndio seli yenyewe, wavu ni protini za spektrini na maiosini-2.

Kamba ya mdomoni ni mshipi wa aktini. Shona mifuko ishikane pale pale kwenye kamba (protini za kuunganisha seli: kadherini-E nje, katenini ndani) kisha vuta kamba zote pamoja, safu nzima itajikunja. Mrija wa neva wa kiinitete (unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo) hujikunja kwa nguvu hiyo hiyo.

Mwisho toa makasi. Kalisiamu ikipanda sana ndani ya seli, vilini hiyo hiyo iliyokuwa ikifunga huanza kukata nyuzi. Na kuna aina ya bakteria E. koli inayoharisha watoto wachanga, yafyeka vinyweleo alafu yailazimisha seli ijenge kijukwaa cha aktini chini ya bakteria huyo, kwa hio chelewa zilizokatwa usitupe, zirundike juu ya mfuko mmoja uwaonyeshe kijukwaa chenyewe.