Somo: Je, kemikali hii itawasha ngozi au macho? Iulize kompyuta kabla ya kuigusa

Ndugu zangu watengeneza sabuni na wanakemia, salaam. Kabla hujamimina mafuta ya karafuu kwenye sabuni ya kuogea, kaa kwanza na kompyuta nusu saa. Zamani mzigo huu walibebeshwa sungura: mwaka 1944 John Draize na wenzake, Marekani, walieleza kipimo cha kumtia sungura kemikali jichoni na kuhesabu wekundu na uvimbe. Nashukuru kwamba leo tunaweza kuanzia pengine.

Hatua ya 1. Ijue kemikali yenyewe, usiishie kwenye jina la chupa. Mafuta ya karafuu ni mchanganyiko, na kiungo chake kikuu ni yujenoli, namba ya CAS (namba ya utambulisho ya kila kemikali) 97-53-0.

Hatua ya 2. Iandike kwa SMILES, yaani molekuli kwa herufi za mstari mmoja. Yujenoli ni hii:

COc1cc(CC=C)ccc1O

Isome taratibu. Herufi c ndogo ni kaboni za pete. Namba 1 ya kwanza inafungua pete, ya pili inaifunga. Mabano ni tawi, na alama ya = ni kifungo maradufu. Ile O ya mwisho ndiyo ya kuitazama sana: imeshikamana na pete, kwa hiyo yujenoli ni ya ukoo wa fenoli. Ukikosea herufi moja umeuliza habari za kemikali nyingine kabisa.

Hatua ya 3. Fungua Toxtree. Ni programu ya bure, iliyotengenezwa na Ideaconsult ya Bulgaria kwa ajili ya Tume ya Ulaya. Chagua mti wa ngozi, yaani mfululizo wa maswali ambapo kila jibu linakupeleka kwenye swali linalofuata, kisha wa macho. Kanuni zake zimetoka BfR, taasisi ya Ujerumani ya kutathmini hatari. Itakuuliza tabia za kemikali, kama kiwango cha kuyeyuka na logP, yaani inavyopenda mafuta kuliko maji. Weka namba zilizopimwa. Usikisie.

Hatua ya 4. Soma njia iliyopitiwa, swali kwa swali, usikimbilie jibu. Tofautisha pia kuwasha na kuunguza: ngozi iliyowashwa hupona, iliyounguzwa huharibika moja kwa moja. Programu ikijibu "haijulikani", maana yake hakuna kanuni iliyoigusa kemikali yako. Hiyo si ruhusa. Hapa ndipo watu wengi wanapoteleza, nami naomba sana tusiteleze, kwa sababu jicho la mteja halina spea.

Hatua ya 5. Linganisha na yanayojulikana tayari. Ulaya yujenoli imo kwenye orodha ya vinavyowasha macho vikali.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Nimeingiza kostiki soda, sipati jibu la maana.
Jibu: Kanuni hizi zimejengwa juu ya molekuli za kaboni, na kostiki haimo. Pima pH, yaani kipimo cha asidi na alkali. Ikiwa 2 au chini yake, au 11.5 na kuendelea, ihesabu kuwa inaunguza. Nimemwona kijana aliyerukiwa na tone moja jichoni wakati wa kukoroga. Aliokolewa na ndoo ya maji safi iliyokuwa karibu, akaoshwa mfululizo zaidi ya robo saa ndipo akapelekwa hospitali. Vaeni miwani jamani.

Swali: Mteja alitumia sabuni wiki tatu bila shida, sasa akiigusa tu anatoka vipele. Programu ilikosea?
Jibu: Huenda huo ni mzio. Mwili hujifunza kuichukia kemikali, kisha hata kidogo tu huuamsha. Yujenoli inajulikana kwa hilo pia. Mzio una mti wake ndani ya Toxtree, uendeshe peke yake. Mteja aache sabuni hiyo na amwone daktari.

Swali: Naweza kuingiza sabuni yangu nzima?
Jibu: Hapana, ni kemikali moja moja. Salfoniki, manukato na rangi vikikutana vinaweza kusaidiana kupenya ngozi. Kwa bidhaa nzima kuna maabara zinazotumia ngozi ya binadamu iliyooteshwa kwenye vikombe vidogo, kipimo namba 439 cha mwaka 2010 cha OECD, shirika la kimataifa linalotoa miongozo ya kupima kemikali.